Vijiwe vya sangara vinapunguzwa kutoka 400 hadi 100: makadirio yetu yatabaki na maana?

MsomaPete (Jinja)

Habari za jioni ndugu zangu wa Ziwa Victoria.

Kazi yangu ni kusoma umri wa sangara kwa vijiwe vilivyo ndani ya kichwa chake. Wiki iliyopita mradi wetu umepokea barua: bajeti imekatwa, kwa hiyo safari ijayo ya sampuli tutoe vijiwe vya samaki 100 tu badala ya 400. Barua ina mistari mitatu. Haisemi hao 100 watoke wapi, wawe wa ukubwa gani, wala nani alikaa akapiga hesabu. Usiku wa pili huu sijalala vizuri, nikaona nilete hapa kwa sababu najua humu kuna wavuvi, wanafunzi na watu wa takwimu. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwenye boti yetu nahodha ni wa Mwanza, mpishi wa Busia, mabaria wawili wametokea upande wa Bunia, na hii ndiyo lugha tunayoelewana wote.

Kwa ambaye hajawahi kuviona: samaki ana vijiwe vya chokaa ndani ya kichwa, jozi tatu, vinavyomsaidia kusikia na kujua amekaaje majini. Kijiwe kinakua maisha yake yote, tabaka juu ya tabaka. Majira anayokua haraka yanaacha tabaka la sura moja, majira anayokua polepole yanaacha la sura nyingine, na hapo ndipo tunapata pete za kuhesabu. Ni maarifa ya siku nyingi, Mjerumani Reibisch alisoma umri wa samaki kwa vijiwe tangu 1899.

Kumtoa kijiwe samaki mmoja si kazi ya dakika moja. Nainua kifuniko cha shavu, nasukuma mashavu pembeni, nafikia mfupa wa chini ya fuvu na kuuvunja kwa ncha ya kisu. Kijiwe kinatoka kimefunikwa ute, cheupe, kingo zake zina menomeno, na ukikishika bila kukibana kinakuruka. Nakiosha, nakikausha, nakiweka kwenye bahasha ndogo yenye namba ya mkokoto (yaani kukokota wavu mara moja), urefu, uzito na jinsia. Tukirudi nchi kavu kinazamishwa kwenye resini, kinakatwa kipande chembamba kwa msumeno wa almasi, kinasuguliwa, ndipo kinakwenda kwenye hadubini. Kinasomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake bila kuona alichoandika mwenzake. Kwa hiyo naelewa kwa nini wenye fedha wanaanza kukata hapa. Kupima urefu ni ubao na kalamu, umri ni maabara.

Hofu yangu ni hii. Tuseme kwenye ziwa samaki wa rika fulani ni asilimia 10 ya wote. Ukichukua samaki 400 kwa bahati nasibu, kosa la kawaida la makadirio yako, yaani kuyumba kwake kwa bahati tu, ni kama pointi 1.5; ukiweka mara mbili yake kila upande, utasema 10 na ukweli mara nyingi utakuwa kati ya 7 na 13. Ukichukua 100, kosa linakuwa pointi 3, na sasa ukweli unaweza kuwa 4 au 16. Umepunguza samaki mara nne, kosa limeongezeka mara mbili.

Kwa wale wazee ni mbaya zaidi. Rika ambalo ni asilimia 2 tu ya samaki wote, kwenye sampuli ya 100 una nafasi ya asilimia 13 ya kutopata hata mmoja. Ukishuka hadi 50, nafasi hiyo ni asilimia 36. Mwenye kusoma ripoti ataona sifuri na kusema majike wakubwa wameisha ziwani, kumbe ni kapu letu lilikuwa dogo.

Naomba mawazo. Nikatae? Nikubali? Nikubali kwa masharti gani?

Mzee_wa_Katosi

Nnyabo, pole na kazi. Mimi nimevua sangara tangu enzi zile samaki wa kilo sitini hakuwa habari ya kupigia watu simu. Nina swali la mtu wa boti. Sheria ya hapa Uganda inasema nisilete samaki chini ya sentimita 50. Askari akija na ubao anapima urefu, haulizi umri. Kiwanda kinapima kilo. Tajiri anapima kilo. Sasa umri unamsaidia nani? Kama hela ni chache si bora mpime urefu wa samaki elfu tano muwaache hao vijiwe?

MsomaPete (Jinja)

Mzee wangu, asante, hilo swali ndilo wanaotoa fedha wanauliza pia, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Fikiria uko harusini, umeambiwa ukadirie umri wa watu kwa kuangalia kimo tu. Watoto wa chekechea utawapata. Ukifika kwa watu wa kimo cha mita moja na sabini utakwama: yumo kijana wa miaka 17, yumo babu wa 70. Sangara ni hivyo hivyo. Wakiwa wadogo urefu unasema kweli kiasi cha kutosha. Wakishakua, marika yanapishana ndani ya urefu uleule, tena kwa sangara majike hukua wakubwa kuliko madume. Ukiweka samaki wawili wa sentimita 70 kwenye meza yangu siwezi kukuambia nani mkubwa wa mwenzake mpaka nifungue vichwa.

Umri unatupa mambo mawili ambayo urefu peke yake unayabahatisha. La kwanza ni kasi ya kukua. La pili ni kasi ya kufa. Kama rika la mwaka wa tatu lina samaki 100 na rika la mwaka wa nne lina 40, na marika hayo yalizaliwa sawasawa, basi 60 wamekwenda ndani ya mwaka, ama kwa nyavu ama kwa kifo cha kawaida. Kutoka hapo ndipo mtu anasema ziwa linavuliwa kupita kiasi au bado. Yaani ile amri inayokufikia wewe mwaloni, hapo mnaposhushia samaki, ya kufunga msimu au kubadili nyavu, mwanzo wake ni hesabu kama hizi.

Sasa angalia kinachotokea kapu likiwa dogo. Kwenye sampuli ya samaki 100 tuseme nimepata 20 wa mwaka wa tatu na 8 wa mwaka wa nne. Uwiano ni 0.4, na kiwango cha vifo, ambacho sisi tunakihesabu kwa logariti asilia ya 20 kugawa kwa 8 na hivyo kinaweza kupita 1, ni karibu 0.92 kwa mwaka. Lakini wale 8 wangeweza kuwa 5 au 11 kwa bahati tu, bila ziwa kubadilika hata kidogo. Wakiwa 5, vifo vinaonekana 1.39. Wakiwa 11, vinaonekana 0.60. Namba ya kwanza inasema piga kengele, ya pili inasema endeleeni. Na sampuli ya 400 je? Hapo nina 80 na 32, na wale 32 watachezacheza kati ya 26 na 38, yaani vifo kati ya 1.12 na 0.74. Bado pana shaka, ila kengele na kimya havichanganyiki kirahisi hivyo.

Kwingine watu walishalipia kosa la umri. Yuko samaki wa kina kirefu wa rangi ya chungwa kule New Zealand na Australia. Walianza kumvua kwa wingi wakidhani anakua haraka kama samaki wengine. Vijiwe viliposomwa vizuri ikaonekana anaweza kupita miaka 100 na anachelewa sana kuzaa. Wakati huo maeneo mengi yalikuwa yamekombwa.

Hesabu_za_Mwanza

Dada MsomaPete, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Hesabu zako za sampuli ni sahihi, lakini zina dhana moja ndani yake ambayo naomba niiguse, kwa sababu naamini ndiyo itakayokuokoa mbele ya hao wa bajeti. Umehesabu kana kwamba samaki wako 400 wameokotwa mmoja mmoja ziwa zima. Sivyo mnavyofanya. Mnakokota wavu, mnapata rundo, mnachukua kutoka kwenye rundo hilo. Niambie ukweli: hao 400 walikuwa wanatoka kwenye mikokoto mingapi?

MsomaPete (Jinja)

Kaka, kwa kawaida mikokoto kama 20. Samaki 20 kila mkokoto.

Hesabu_za_Mwanza

Nilidhani hivyo. Sasa sikia.

Samaki hawatembei ovyo. Wa rika moja hukaa pamoja, wa ukubwa mmoja hufuata chakula kimoja na kina kimoja. Ukikokota kwenye ghuba yenye kina kifupi unapata watoto watupu, ukikokota nje kwenye kina unapata wengine. Kwa hiyo samaki wa pili kutoka wavu uleule anakuambia kidogo sana kuliko samaki wa kwanza. Wa ishirini hakuambii karibu chochote kipya. Ni sawa na kutaka kujua Waganda wanapenda chakula gani kisha ukahoji watu ishirini wa nyumba moja. Umehoji ishirini, umepata jibu la mpishi mmoja.

Watu wa takwimu wana hesabu rahisi ya jambo hili. Chukua idadi ya samaki kwa mkokoto, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana ndani ya mkokoto, ongeza moja. Hapo unapata mara ngapi sampuli yako imepungua nguvu. Tuseme kufanana, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.1, kiwango kidogo tu. Kwa samaki 20 kwa mkokoto: 19 mara 0.1 ni 1.9, ongeza moja ni 2.9. Samaki wako 400 ukigawa kwa 2.9 wanabaki kama 138. Hao 138 ndio sampuli yako halisi. Wale wengine umewapasua vichwa, umewalipia resini na saa za hadubini, na hawajakuongezea kitu.

Sasa geuza. Chukua samaki 5 kwa mkokoto kwenye mikokoto 40. Jumla ni 200, nusu ya mlichokuwa mnafanya. 4 mara 0.1 ni 0.4, ongeza moja ni 1.4. Gawa 200 kwa 1.4, unapata 143.

Isome tena hiyo. Samaki 200 kutoka mikokoto 40 wana nguvu ileile, hata kidogo zaidi, ya samaki 400 kutoka mikokoto 20.

Na barua yenu? Kama watakwambia 100 na mkawatoa kwa mtindo wenu wa zamani, 20 kwa mkokoto kutoka mikokoto mitano, mna samaki 34 wa kweli. Hapo msiandike ripoti kabisa. Wakitoka 5 kwa mkokoto kwenye mikokoto 20 ileile mnayofanya sasa, mna 71. Kutoka 138 kwenda 71 ni hasara, siifichi, lakini si anguko la mara nne ulilokuwa unaogopa.

Wenzetu wa Marekani wanaokokota wavu Bahari ya Bering karibu kila mwaka tangu 1982 wamekuwa wakijiuliza swali hilihili: urefu na umri unaweza kupunguzwa kiasi gani kabla makadirio hayajaharibika. Faida ya kila samaki unayeongeza inapungua kadiri unavyoongeza. Wa kwanza kumi ni dhahabu, wa mia tatu na kumi ni vumbi. Ila aina zinazoishi miaka mingi, zenye marika mengi, zinaumia mapema zaidi ukipunguza, kwa sababu wale wachache unaogawanya wanatakiwa wajaze visanduku vingi.

MsomaPete (Jinja)

Nimeisoma mara tatu. Miaka yote nilikuwa najivunia bahasha 20 zilizojaa kila mkokoto. Nashukuru sana kaka. Lakini mikokoto zaidi ni mafuta ya boti, na mafuta ni ghali kuliko resini.

Hesabu_za_Mwanza

Ni kweli, na hapo ndipo penye maamuzi magumu. Ndiyo maana nasema mahali pa kutetea kwa nguvu zako zote si idadi ya vijiwe, ni idadi ya mikokoto. Wakitaka kukata vijiwe, sawa, mzungumze. Wakitaka kukata vituo, yaani mahali mnapokokota, simama mlangoni.

Nakato_wa_Makerere

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Tulifundishwa habari ya jedwali la umri kwa urefu: unasoma umri wa samaki wachache, unapata kwamba kwa mfano wa sentimita 50 hadi 54 asilimia fulani ni wa miaka miwili, asilimia fulani mitatu, halafu unatumia mgawanyo huo kwa maelfu uliowapima urefu tu. Je, MsomaPete hawezi kutumia jedwali la mwaka jana ambalo lina samaki 400, mwaka huu asitoe kijiwe kabisa? Urefu anao.

Hesabu_za_Mwanza

Mdogo wangu, swali zuri, na ni mtego ambao watu wazima wameanguka ndani yake. Ngoja nikupe namba za mfano.

Mwaka jana, samaki wa sentimita 50 hadi 54 waligawanyika 60 kwa 40: asilimia 60 wa miaka miwili, 40 wa mitatu. Mwaka huu kumetokea rika kubwa, watoto walinusurika wengi, na ukweli ziwani sasa ni 85 kwa 15. Una samaki 10,000 wa urefu huo. Ukweli ni 8,500 na 1,500. Jedwali la mwaka jana litakupa 6,000 na 4,000. Umelificha rika kubwa, na umewazidisha wa miaka mitatu karibu mara tatu. Halafu mwakani utashangaa wamekwenda wapi, utasema wamevuliwa.

Na ubaya wake ni kwamba kosa hili halipungui ukipima urefu wa samaki wengi zaidi. Pima elfu hamsini, litabaki palepale. Kosa la sampuli ndogo linayumba huku na huku, mwaka huu juu mwaka kesho chini. Kosa la jedwali la kuazima linakuvuta upande mmoja, na hujui. Ningechagua vijiwe 60 vya mwaka huu kuliko 400 vya mwaka jana.

Mukene_Kiyindi

Sisi wa mukene je? Au dagaa wetu hawana masikio?

MsomaPete (Jinja)

Wanayo ndugu yangu, madogo kama chembe ya mchanga. Ila mukene anaishi muda mfupi, mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo pete za mwaka hazina maana kwake. Kwake zinahesabiwa pete za siku. Ndiyo, samaki anaweka pete ndogo kila siku, jambo lililoonyeshwa na Pannella mwaka 1971. Ni kazi ya hadubini kali na subira, na kwa mukene hatuhitaji mamia. Wachache wa kujua kasi ya kukua, mengine yanafanywa na urefu na mitambo ya sauti.

Ssese_Boy

Umegusa mitambo ya sauti, nami nilikuwa nangoja. Tangu 1999 ziwa hili linapimwa kwa sauti, meli inapita, mwangwi unarudi, wanapata tani za samaki ziwa zima. Nimeona ile meli ikipita Kalangala. Kama tani zinapatikana hivyo, kwa nini tugombane juu ya vijiwe? Fedha zote ziende kwenye sauti.

MsomaPete (Jinja)

Kaka, hapa lazima tutenganishe mambo, maana hata kwenye mikutano huwa yanachanganywa. Ukipunguza vijiwe, makadirio ya jumla ya tani hayaguswi. Mwangwi hauulizi umri, na wavu unaokokotwa unapimwa kilo zake bila kufungua kichwa. Kinachoguswa ni namna jumla hiyo inavyogawanyika: rika hili wangapi, lile wangapi, wanakua kasi gani, wanakufa kasi gani.

Tani zinaweza kubaki zilezile miaka mitano huku ndani yake ziwa limegeuka, wazazi wakubwa wamekwisha na nafasi yao imejazwa na watoto. Ukitazama jumla unalala usingizi. Ukitazama marika unaamka. Hapa kwetu tathmini nyingi za sangara zimeegemea urefu kuliko umri, na ndiyo maana hata hii sampuli ndogo tuliyo nayo naiona kama yai.

Niongeze jambo ambalo linanihusu mimi mwenyewe. Huku hatuna baridi ya theluji ya kumsimamisha samaki kukua. Tuna mvua za masika na za vuli, tuna upepo wa kusi wa katikati ya mwaka unaochanganya maji ya ziwa juu na chini, tuna majira ya kuzaa. Kwa hiyo pete zetu hazijakaa wazi kama za samaki wa Ulaya. Kuna kijiwe unakiangalia unaona pete nne, unazungusha taa kidogo unaona tano. Ile ya tano ni mwaka au ni mvua ya pili? Mimi na mwenzangu tukitofautiana, tunakaa pamoja tunakiangalia tena, na vingine tunaviacha kwa kuandika haisomeki.

Hili linamaanisha kwamba sehemu ya kosa letu haitoki kwenye idadi kabisa, inatoka machoni. Nikiambiwa nichague kati ya vijiwe 400 vilivyosomwa mara moja kwa haraka na vijiwe 200 vilivyosomwa na wawili kwa utulivu, nitachukua 200. Na ningependa sehemu ya fedha iende kwenye kuthibitisha pete zenyewe, kwa mfano kumchoma samaki dawa inayotia alama kwenye kijiwe, kumwachia, kisha akivuliwa tena tuone pete ngapi zimeongezeka baada ya alama. Mpaka hilo lifanyike, kila mwaka tunaouandika una swali pembeni yake.

Mzee_wa_Katosi

Nimefuatilia toka mwanzo, nimeelewa, na ule mfano wa harusi nimemsimulia mke wangu. Nina pendekezo. Viwandani vichwa vinabaki. Sangara anakatwa minofu, kichwa na mgongo vinauzwa nje ya geti. Mama mmoja hapa ananunua vichwa magunia kwa magunia kila wiki. Kwa nini msichukue vijiwe huko? Samaki hamnunui, boti hamtoi, mafuta hamchomi. Hata mwaloni, mkifungua kwa ndani ya shavu kama ulivyosema bila kukata fuvu, mnunuzi hawezi kujua na bei haishuki.

MsomaPete (Jinja)

Mzee, hiyo ya kufungua kwa ndani ya shavu ndiyo njia tunayotumia mwaloni hasa kwa sababu hiyo, tajiri hataki kuona samaki wake ana jeraha juu ya kichwa. Na vichwa vya kiwandani kweli ni vingi. Shida yangu ni kwamba kichwa kikishatengana na mwili, urefu umepotea, jinsia imepotea, na sijui alivuliwa wapi.

Hesabu_za_Mwanza

Urefu unaweza kukadiriwa kutoka urefu wa kichwa, ukishapima samaki wazima kadhaa ukajua uhusiano wake. Hilo linatibika. Lisilotibika ni kwamba samaki wa kiwandani ameshachujwa. Amechujwa na tundu la wavu, akachujwa na sheria ya sentimita 50, akachujwa na mnunuzi. Samaki wa sentimita 45 hayupo kwenye magunia ya mama yule, lakini yupo ziwani, tena ndio wengi. Halafu kuna jambo la hila zaidi: wavu wa matundu makubwa unakamata wale wa rika dogo waliokua haraka, wenzao wa rika lilelile waliokua polepole wanapita. Ukijenga jedwali kwa hao utadhani sangara wote wanakua haraka.

Kwa hiyo, mzee, vichwa vyako vina kazi, ila si kazi ya kuchukua nafasi ya mikokoto. Vina kazi pale juu, kwa wakubwa. Mkokoto wa utafiti mara nyingi unapata sangara wakubwa wachache sana, hao wa sentimita 90 kwenda juu, na huko ndiko marika yanapochanganyikana zaidi. Mwaloni kwako wanapatikana wazima, urefu upo, jinsia ipo, na nahodha anakumbuka alitega wapi.

MsomaPete (Jinja)

Nimekaa na daftari jana jioni nzima. Nawaandikia nilichokiandaa, mnikosoe kabla sijakipeleka Alhamisi.

Sitakataa kupunguza. Nitaomba 160 badala ya 100, na mikokoto ibaki 20 kamili, nikipata mafuta ya miwili mitatu zaidi nitashukuru. Urefu tutapima kila samaki anayepanda juu, hilo halina mjadala. Vijiwe 120 vitatoka kwenye mikokoto, 6 kwa mkokoto, wakichaguliwa bila kuangalia nani mzuri, na wakati wa hesabu kila mkokoto utapewa uzito kulingana na ulichokamata, ili wavu uliopata samaki 8 usiwe na sauti sawa na uliopata 300. Wale 40 waliobaki nitawatafuta mwaloni, wakubwa tu, na kwenye karatasi watakaa safu yao wenyewe. Hawatachanganywa na wa mikokoto isipokuwa ndani ya jedwali la umri kwa urefu, na tutaandika wazi waliotoka huko. Kila kijiwe wasomaji wawili.

Na sharti langu la mwisho, ambalo kwa kweli ndilo la kwanza: kila namba ya rika itakayotoka kwenye ripoti itoke na upana wa shaka yake pembeni. Kama ni vifo 0.92, iandikwe inaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi. Wakitukatia sampuli, upana huo utaongezeka, na anayeamua kufunga au kufungua ziwa auone kwa macho yake.

Hesabu_za_Mwanza

Safi. Kitu kimoja tu: hao 6 kwa mkokoto, wekea utaratibu ulioandikwa. Mabaria wakiachiwa wachague wenyewe watakupa wakubwa, mkono unakwenda kwa mkubwa bila mtu kukusudia. Panga samaki kwenye mstari kama walivyomwagika, chagua namba moja kwa bahati nasibu, kisha ruka hatua sawa. Nitumie namba za mikokoto ya mwaka jana, nikupimie kile kiwango cha kufanana. Ile 0.1 niliitolea mfano. Ikitoka 0.2 tutabadilisha kutoka 6 kwenda 4 na kuongeza vituo.

Mzee_wa_Katosi

Hao 40 wakubwa njoo uwachukue kwangu. Nimeshaongea na matajiri wawili, wamekubali mradi mfungue kwa ndani ya shavu na mtumie mzani wao. Boti zinaingia kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wanunuzi wa kiwanda wanafika saa mbili na barafu yao. Una saa mbili hapo katikati.

MsomaPete (Jinja)

Nitafika Jumanne usiku nilale hapo Katosi, mzee wangu. Nakuja na bahasha, visu viwili na ubao wa kupimia. Kaka wa Mwanza, faili la mikokoto nakutumia usiku huu, safu ya tatu ndiyo kina cha maji.